Shamba, kazi na mji: jiografia ya binadamu kupitia mtaa wa Mutanga Nord

Makala hii ni kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma jiografia, kwa wazazi wanaowasaidia nyumbani, na kwa familia za wakimbizi na za waliorejea ambazo zinafikiria wapi pa kuishi. Inaeleza dhana kuu za jiografia ya binadamu: watu na ardhi, kilimo, uhamaji, maendeleo ya uchumi na mabadiliko ya miji. Mifano yote inatoka Burundi, na mara nyingi tutarudi kwenye mtaa mmoja wa Bujumbura unaoitwa Mutanga Nord.

Dhana hizi haziishii kwenye mtihani. Anayezielewa ataweza kueleza kwa nini kodi ya nyumba ni kubwa mtaa huu na ndogo mtaa ule, kwa nini bei ya maharage inapanda mafuta ya gari yanapokosekana, na kwa nini nyumba nzuri inaweza kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mambo hayo yanagusa mfuko wa kila familia.

Jiografia ya binadamu ni nini?

Jiografia ya maumbile inachunguza milima, mito, mvua na udongo. Jiografia ya binadamu inachunguza jinsi watu wanavyoishi juu ya ardhi hiyo. Inauliza maswali matatu. Kitu fulani kiko wapi? Kwa nini kiko pale na si kwingine? Nani anafaidika na nani anaumia kwa kitu hicho kuwa pale?

Chukua soko kama mfano. Swali la kwanza linajibiwa na ramani. Swali la pili linajibiwa na barabara, historia na maamuzi ya serikali. Swali la tatu linajibiwa na mama anayetembea saa nzima na beseni kichwani kwa sababu soko la karibu limefungwa.

Mahali: eneo lenyewe na uhusiano wake na sehemu nyingine

Kila mahali pana sifa za aina mbili. Kwanza ni sifa za eneo lenyewe: mwinuko, udongo, maji, mteremko. Pili ni uhusiano wake na sehemu nyingine: barabara, bandari, mpaka, masoko.

Bujumbura iko kwenye ncha ya kaskazini mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika tambarare ya Imbo. Ziwa liko kwenye mwinuko wa mita 774 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukielekea mashariki ardhi inapanda haraka: unaingia kwenye vilima vya Mirwa, kisha unafika kwenye safu ya milima inayotenganisha maji ya mto Kongo na maji ya mto Nile, ambako kuna sehemu zinazozidi mita 2,000. Hizo ndizo sifa za eneo lenyewe. Kuhusu uhusiano na sehemu nyingine, bandari ya Bujumbura inaunganisha Burundi na Kigoma nchini Tanzania na Mpulungu nchini Zambia, na mpaka wa Kongo uko karibu upande wa magharibi, baada ya Gatumba.

Jina la Mutanga Nord lenyewe ni somo la jiografia. Nord ni kaskazini kwa Kifaransa. Kuna Mutanga Sud pia, yaani Mutanga ya kusini, ambako kuna kampasi kubwa ya Chuo Kikuu cha Burundi. Kinachotenganisha Mutanga hizo mbili ni mto Ntahangwa, unaotoka milimani, ukapita katikati ya mji na kuingia ziwani. Mto huo ndio uliolipa jina eneo la utawala la Ntahangwa, ambamo Mutanga Nord imo pamoja na majirani zake wa zoni ya Gihosha kama Kigobe na Winterekwa.

Watu na ardhi: msongamano

Msongamano wa watu ni idadi ya watu ikigawanywa kwa ukubwa wa eneo. Sensa ya 2008 ilihesabu watu 8,053,574 nchini Burundi. Ukubwa wa nchi ni kilomita za mraba 27,834, pamoja na sehemu yake ya ziwa. Ukigawanya unapata watu 289 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Tangu hapo idadi ya watu imeongezeka sana, lakini ardhi imebaki ile ile.

Hesabu hiyo inaitwa msongamano wa jumla, na ina udhaifu: inahesabu ziwa, msitu na mawe kana kwamba watu wanalima humo. Wanajiografia hutumia pia msongamano kwa ardhi inayolimika, yaani idadi ya watu ikigawanywa kwa ardhi inayofaa kwa kilimo tu. Kwa nchi ya wakulima kama Burundi, kipimo hiki cha pili kinasema ukweli zaidi kuhusu hali ya familia.

Fikiria hesabu ya nyumbani. Baba ana nusu hekta, yaani mita za mraba 5,000. Ana watoto wanne wa kiume, na kwa mila wao ndio wanaogawana. Kila mmoja anapata mita za mraba 1,250, sawa na kipande cha mita 25 kwa 50. Mjukuu atapata nini? Huku kunaitwa kugawanyika kwa mashamba. Ni sababu moja kubwa ya vijana kuteremka kwenda Bujumbura kutafuta kazi, na ya kesi za ardhi kujaa mahakamani. Angalia pia kwamba mabinti hawamo katika hesabu hiyo. Mpaka sasa mambo ya urithi yanaendeshwa zaidi na mila, na wanawake wengi, hasa wajane na waliorejea kutoka ukimbizini bila mume, wanajikuta hawana pa kulima.

Makazi: yaliyotawanyika na yaliyokusanyika

Katika nchi nyingi wakulima wanaishi kijijini, nyumba zikikaribiana, na mashamba yako nje. Hayo ni makazi yaliyokusanyika. Burundi ya zamani haikuwa hivyo. Kila familia iliishi kwenye rugo lake, yaani boma lililozungukwa na migomba na mashamba, juu ya kilima. Hayo ni makazi yaliyotawanyika. Ndiyo maana hadi leo Mrundi wa mashambani akiulizwa anatoka wapi, hutaja kilima chake.

Wakati wa ukoloni Wabelgiji walianzisha makazi ya kupangwa katika tambarare ya Imbo, nyumba zikipangwa kwa mistari kando ya barabara. Baadaye, serikali na mashirika walijenga vijiji kwa ajili ya watu waliorejea bila ardhi. Kambi za wakimbizi nazo ni makazi yaliyokusanyika. Faida ya makazi hayo ni kwamba shule, maji na zahanati vinawafikia watu wengi kwa gharama ndogo. Hasara yake ni umbali wa mashamba, kuni kuisha haraka karibu na makazi, na magonjwa kuenea upesi.

Kilimo

Kuna aina mbili za msingi. Kilimo cha kujikimu ni kile ambacho sehemu kubwa ya mavuno huliwa nyumbani. Kilimo cha biashara ni kile ambacho mazao hupandwa ili yauzwe. Nchini Burundi wakulima wengi hufanya yote mawili kwenye shamba moja: maharage, mihogo, viazi vitamu, mahindi na ndizi kwa ajili ya familia, na kahawa au chai kwa ajili ya fedha. Kahawa ilienezwa kwa amri katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Kibelgiji. Mpunga na pamba hulimwa Imbo kwenye joto, michikichi hulimwa Rumonge kando ya ziwa, na chai milimani kwenye baridi. Hapo unaona jinsi mwinuko unavyopanga kilimo.

Mwaka wa mkulima Burundi una misimu mitatu. Msimu wa A huanza na mvua za Septemba na mavuno yake huwa Januari au Februari. Msimu wa B huanza Februari na kuvunwa Juni au Julai. Msimu wa C ni wa kiangazi, na hulimwa mabondeni kwenye unyevunyevu. Familia inayorejea ikafika baada ya kupanda kwa msimu wa B itakaa miezi mingi bila mavuno yake yenyewe, isipokuwa ikipata kipande cha bondeni. Kwa hiyo mwezi wa kurudi ni jambo la kuulizia mapema, sawa na siku ya basi.

Nadharia mbili kuhusu watu na chakula hutokea mara nyingi kwenye mtihani. Mwingereza Thomas Malthus alidai mwaka 1798 kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula, na mwisho wake ni njaa, magonjwa na vita. Mtaalamu wa Denmark, Ester Boserup, alijibu mwaka 1965 kwamba watu wakiongezeka hulazimika kubuni njia mpya: kulima mara nyingi kwa mwaka, kutumia samadi, kukata matuta. Burundi ina ushahidi wa pande zote mbili. Msimu wa tatu mabondeni na migomba iliyochanganywa na maharage ni ubunifu wa aina aliyoieleza Boserup. Lakini mlima uliolimwa bila kupumzika hadi udongo ukaoshwa na mvua unaonyesha kwamba ubunifu nao una kikomo, hasa mkulima asipopata mbolea, mbegu na mkopo.

Umbali kutoka shambani hadi sokoni

Mwaka 1826 Mjerumani Johann Heinrich von Thünen alieleza kwamba mazao hujipanga kwa mizunguko kuuzunguka mji. Yale yanayoharibika upesi, kama maziwa na mboga, hulimwa karibu. Yale yanayovumilia safari hulimwa mbali. Sababu ni gharama ya usafiri.

Jaribu nadharia hiyo Bujumbura. Lengalenga huonekana kwenye vipande vidogo vya bonde ndani na kando ya mji, kwa sababu hunyauka siku hiyo hiyo. Ndagala na mukeke wabichi hutoka ziwani, hatua chache kutoka sokoni. Maharage makavu na unga wa muhogo hutoka mbali. Hapo von Thünen yuko sahihi. Lakini kabichi, karoti na viazi mviringo vingi hushuka kutoka milimani, na Bugarama, kwenye barabara kuu ya kwenda Kayanza, pamejaa wauza mboga. Kwa nini mboga zinatoka mbali hivyo? Kwa sababu von Thünen alifikiria nchi tambarare yenye hali ya hewa moja. Burundi ina milima, na baridi ya juu hufaa kabichi kuliko joto la Imbo.

Gharama ya usafiri ndiyo inayoeleza pia bei za miaka ya karibuni. Burundi imepitia vipindi virefu vya uhaba wa petroli na mazuti. Gari likikosa mafuta, mji unakuwa kama umesogezwa mbali na shamba. Mkulima wa mlimani anauza kwa hasara kwa kuwa kabichi zinaoza, na mnunuzi wa mjini analipa zaidi kwa kuwa kabichi ni chache. Wote wawili wanaumia kwa sababu moja.

Uhamaji: sababu za kusukuma na sababu za kuvuta

Mtu huhama kwa sababu kuna kitu kinachomsukuma kutoka alipo na kitu kinachomvuta kwingine. Katikati kuna vizuizi: mpaka, nauli, lugha, karatasi. Mkimbizi ni yule ambaye msukumo wake ni hofu ya kuteswa au vita, na hawezi kurudi salama. Aliyehama ndani ya nchi yake bila kuvuka mpaka huitwa mhamaji wa ndani. Aliyekuwa mkimbizi akarudi kwao huitwa aliyerejea. Warundi husema umuhungutse.

Historia ya Burundi ina uhamaji wa aina zote. Mwaka 1972 mauaji yaliwasukuma watu wengi Tanzania, wakapewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Vita vilivyoanza 1993 vilileta wimbi jingine. Mwaka 2015 mgogoro wa kisiasa uliwasukuma watu tena, na kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli nchini Tanzania na Mahama nchini Rwanda zikajaa. Kuanzia 2017 wengi wamerejea kutoka Tanzania.

Wakati huo huo Burundi ni nchi inayopokea. Wakimbizi Wakongo wameishi miaka mingi katika kambi za Gasorwe, Musasa, Bwagiriza, Kavumu na Nyankanda. Mapema 2025 vita vya Kivu viliwafanya makumi ya maelfu ya watu kuvuka mto Rusizi, wengi wao wakipitia Cibitoke, na wengi wakahamishiwa Musenyi, kusini mashariki mwa nchi.

Kwa nini basi baadhi ya wakimbizi wanaishi Bujumbura na si kambini? Sababu za kuvuta ziko wazi: kazi ndogondogo, shule, hospitali, ndugu, na Kiswahili kinachozungumzwa sana Buyenzi na mitaa mingine. Lakini kuna gharama. Msaada wa chakula kwa kawaida hutolewa kambini, na anayechagua mji hutegemewa kujilipia kodi, maji na chakula. Kabla ya kuamua, uliza ofisi ya serikali inayohusika na wakimbizi, ONPRA, hali ya karatasi zako itakuwaje ukihama.

Ardhi ya aliyeondoka

Je, ardhi ya mkimbizi inabaki yake? Hili ndilo swali gumu kuliko yote kwa waliorejea. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulisema mkimbizi anayerudi apate mali yake, hasa ardhi, au alipwe fidia. Mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, iliyojulikana kwa kifupi kama CNTB. Tatizo ni kwamba aliyekimbia mwaka 1972 alirudi akakuta familia nyingine imezika wazazi wake pale, na wakati mwingine ilipewa ardhi hiyo na serikali ya wakati huo. Pande zote mbili zina madai, na wote ni maskini.

Hapa jiografia inatufundisha kutenganisha vitu viwili: umiliki wa mila, unaotegemea ushahidi wa majirani na wazee, na umiliki wa maandishi. Sheria ya ardhi ya 2011 iliruhusu ofisi za ardhi za komuni kutoa vyeti kwa ardhi iliyokuwa ikitambuliwa kwa mila. Ukiwa na kipande, hata kidogo, kuuliza habari za cheti mapema ni bora kuliko kusubiri ugomvi uanze.

Maendeleo ya uchumi

Kazi za watu hugawanywa katika sekta. Sekta ya kwanza huchukua vitu kutoka kwenye ardhi na maji: kilimo, uvuvi, madini. Ya pili hutengeneza: kiwanda cha bia, cha sabuni, ufyatuaji wa matofali. Ya tatu hutoa huduma: biashara, usafiri, ualimu, benki. Nchi nyingi zilizotajirika zilihamisha wafanyakazi kutoka sekta ya kwanza kwenda ya pili na ya tatu. Nchini Burundi sehemu kubwa kabisa ya watu bado wako katika sekta ya kwanza.

Kuna mgawanyo mwingine unaogusa mitaa yetu: sekta rasmi na isiyo rasmi. Anayeuza nyanya barabarani, fundi cherehani wa nyumbani na anayechaji simu kibandani wako sekta isiyo rasmi. Hawana mkataba wala pensheni, lakini ndio wanaolisha mji. Sera ndogo inaweza kubadilisha maisha yao kwa siku moja. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria zilizuiwa kuingia sehemu kubwa ya mji wa Bujumbura, kwa sababu zilizotajwa za usalama barabarani. Vijana wengi walipoteza wateja, na abiria wengi walianza kutembea au kusubiri basi.

Utajiri wa nchi hupimwaje? Pato la taifa ni thamani ya vitu na huduma zote zinazozalishwa kwa mwaka. Likigawanywa kwa idadi ya watu linaitwa pato la wastani la kila mtu. Kwa kipimo hicho Burundi iko miongoni mwa nchi za chini kabisa duniani. Lakini wastani huficha mengi. Mkulima anayekula maharage yake mwenyewe ana chakula ambacho hakionekani vizuri kwenye hesabu za fedha. Kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa ulianza mwaka 1990 kutumia kipimo cha maendeleo ya binadamu, kinachounganisha mambo matatu: umri wa kuishi, elimu na kipato.

Dhana nyingine ni utegemezi. Nchi inayouza mazao machache ghafi, kama kahawa na chai, huyumba bei ya dunia ikishuka. Fedha za kigeni zikipungua, ni vigumu kununua mafuta, dawa na mbolea kutoka nje. Hapo ndipo foleni ya kituo cha mafuta Bujumbura inapokutana na mti wa kahawa wa Kayanza. Serikali imejiwekea lengo la kuwa nchi inayoinukia ifikapo 2040 na iliyoendelea ifikapo 2060. Mwanafunzi anaweza kulipima lengo hilo kwa kuuliza ni sekta gani itaajiri watoto wanaozaliwa leo.

Mji unavyokua

Mwaka 1990 sensa ilihesabu watu 235,440 Bujumbura. Mwaka 2008 walikuwa 497,166. Mji uliongezeka zaidi ya maradufu katika miaka 18, yaani wastani wa asilimia 4 hivi kwa mwaka. Kuna kanuni rahisi: gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko, utapata miaka ya kuongezeka maradufu. Sabini kugawanywa kwa nne ni 17.5. Hesabu inakubali.

Mji mmoja ukizidi miji mingine yote kwa mbali, unaitwa mji mkubwa kupita kiasi. Mwaka 2008 Gitega ilikuwa na watu 42,000 hivi, kwa hiyo Bujumbura ilikuwa karibu mara 12 yake. Mwaka 2019 sheria iliifanya Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura ikabaki mji mkuu wa uchumi. Mwaka 2023 sheria nyingine ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na komuni kutoka 119 hadi 42. Serikali inaweza kuhamisha ofisi kwa sheria. Bandari na wateja hawahami kwa urahisi hivyo.

Mitaa nayo haikujipanga kwa bahati. Wakati wa ukoloni mji uliitwa Usumbura, na watu waligawanywa: Wazungu upande wa Rohero, Waasia katika mtaa wao, Waswahili Buyenzi, na Waafrika wengine Bwiza. Katika miaka ya 1950 ikajengwa Ngagara. Baada ya uhuru wa 1962 mji ulipanuka kuelekea kaskazini na kupanda vilima, na mitaa kama Mutanga Nord ikawa ya viwanja vilivyopimwa, nyumba zenye uzio na barabara pana. Miaka ya vita baada ya 1993 iligawa mitaa mingine kwa makabila, na amani ilipokuja watu walianza kuchanganyika tena. Ukitembea dakika chache kutoka kwenye nyumba za ghorofa utafika kwenye nyumba za matofali mabichi. Huko kukaribiana kwa tajiri na maskini bila kuchanganyika huitwa utengano wa kimakazi. Kila asubuhi walinzi, wafanyakazi wa ndani na waashi huvuka utengano huo kwa miguu kwenda kazini, na jioni hurudi.

Soko linaonyesha jinsi mji unavyobadilika kwa pigo moja. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Wafanyabiashara walitawanyika kwenda masoko ya mitaani, likiwemo lile linaloitwa kwa Siyoni na lile la COTEBU. Katikati ya mji palipoteza sehemu ya wateja wake, na pembezoni pakapata.

Korongo la Ntahangwa

Tumesema kwamba mto Ntahangwa unatenganisha Mutanga mbili. Mto huo pia unakula kingo zake. Mvua inaponyesha milimani, kwenye miteremko iliyokatwa miti, maji hushuka kwa nguvu, na mjini hukutana na mapaa, lami na saruji ambavyo haviruhusu maji kuzama ardhini. Mitaro ikielekezwa korongoni bila kujengewa, kila mvua inaondoa kipande cha ukingo. Kuchimba mchanga na mawe mtoni kunazidisha tatizo. Nyumba za kando ya korongo, pande zote mbili, zimepasuka na nyingine kubomoka, na barabara zimekatika.

Huu ni mfano mzuri wa kauli ya wanajiografia kwamba maafa ya asili si ya asili peke yake. Hatari ni mvua na mteremko. Udhaifu ni mahali watu walipo na uwezo wao. Maafa hutokea hatari na udhaifu vinapokutana. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mafuriko yaliua makumi ya watu kaskazini mwa mji, hasa Kamenge na Kinama. Desemba 2019 maji yaliua watu na kubomoa nyumba Winterekwa, jirani na Mutanga Nord. Tangu 2020 familia nyingi za Gatumba zimehamishwa na mto Rusizi na ziwa lililopanda.

Katika Mutanga Nord hatari haichagui maskini tu, kwa sababu kuna nyumba za gharama kubwa karibu na ukingo. Ila mwenye mali akihama ana pa kwenda. Mpangaji mpya, ambaye mara nyingi ametoka mbali na hajui mto ulikuwa wapi miaka kumi iliyopita, ndiye anayeonyeshwa chumba cha nyuma kwa bei nafuu. Bei hiyo nafuu ni habari. Inasema jambo ambalo mwenye nyumba hakulisema.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupanga nyumba au kununua kiwanja

- Korongo au mto uko hatua ngapi kutoka ukutani? Majirani wanakumbuka ulikuwa wapi zamani?
- Je, kuna nyufa ukutani au kwenye udongo wa uani? Nyufa zinazofuata mkondo wa ukingo ni onyo kubwa.
- Maji ya mvua ya barabarani yanaelekea wapi? Ikiwezekana, tembelea mahali hapo wakati wa mvua.
- Kwa mnunuzi: karatasi za kiwanja zimetolewa na nani? Mkuu wa mtaa na majirani wanamtambua muuzaji?
- Kazi, shule na zahanati ziko umbali gani kwa miguu? Kodi ndogo ikiongezewa nauli ya kila siku inaweza kuwa kubwa.
- Mvua ikinyesha usiku, mtatokea njia ipi, na mtaenda kwa nani?

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Chora ramani ya mtaa wako au kambi yako. Weka alama za maji, soko, shule na mahali pa hatari. Eleza kwa nini kila kimoja kiko pale kilipo.
2. Uliza wauzaji watano sokoni bidhaa zao zimetoka wapi. Je, majibu yao yanakubaliana na von Thünen? Kama hayakubaliani, eleza sababu.
3. Orodhesha sababu tatu za kusukuma na tatu za kuvuta zilizoileta familia yako hapa. Taja na kizuizi kimoja mlichokutana nacho njiani. Kama kumbukumbu hizo ni nzito, tumia familia ya kubuni.
4. Taja mabadiliko mawili yaliyofanywa na watu ambayo yameongeza hatari ya korongo, na mawili yanayoweza kuipunguza.

Kuhusu swali la nne, majibu yapo na yanaonekana kwa macho: kuta za mawe kwenye kingo, mitaro iliyojengewa hadi chini, mianzi na nyasi zenye mizizi mirefu, miti milimani, na mapipa ya kukinga maji ya mapaa. Baadhi yanahitaji fedha za serikali na wahisani. Mengine yanaweza kuanzishwa na wakazi wenyewe siku ya kazi za jamii ya Jumamosi. Lakini ukingo wa Mutanga Nord hauwezi kutengemaa ikiwa mkulima aliye juu hajapata namna ya kulima bila kupoteza udongo. Kilimo, uchumi na mji vimeandikwa katika sura tofauti za kitabu cha jiografia. Kwenye Ntahangwa vinashuka katika mto mmoja.